Mkuu, usiiache lithiamu ili kuupisha uyoga

Mkuu, usimtumie huyo kocha hata senti. Uzi una kurasa mbili za hongera na "tupe mrejesho", na hakuna aliyesoma mstari wako wa nne. Nauweka hapa kwa wale wanaosoma wakiwa kwenye daladala: una baipola (ugonjwa wa akili unaokupandisha na kukushusha), ulishalazwa ukiwa umepandwa na mania, yaani kule kupanda kupita kiasi, uko mwaka wa tatu kwenye lithiamu, dawa ya kuutuliza, mikono inatetemeka na umechoka. Kocha wa mtandaoni kakupa programu ya wiki mbili ya "kusafisha mwili", ukimaliza uanze uyoga wa kulevya (ule wenye kemikali ya silosaibini), na usiku unywe mafuta ya CBD yatokanayo na bangi. Unauliza dozi, mafuta ya aina gani, kama huko Portland, Marekani, kwa kaka yako uyoga ni halali, na bajeti.

Dozi ya uyoga kwa mtu aliye kwenye lithiamu ni sifuri. Usiniletee habari za maikrodozi, vile vidozi vidogo vidogo. Mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha uchambuzi wa simulizi ambazo watumiaji wenyewe walikuwa wameziandika mtandaoni. Simulizi 62 zilikuwa za watu waliochanganya lithiamu na uyoga au LSD (kilevi kingine cha aina hiyo), na katika 47% ya hizo mtu alipatwa na kifafa. Zile za lamotrijini, dawa nyingine ya baipola, zilikuwa 34. Kifafa hakuna hata kimoja. Sasa usitoke hapa ukisema kila wa pili ataanguka, maana aliyepatwa na balaa ndiye anayekaa chini kuandika, aliyelala salama hana la kusimulia. Ila waandishi wa makundi yote mawili ni walewale wa mitandaoni, na bado pengo ni karibu nusu dhidi ya sifuri. Na anayeanguka huwa yuko chumbani na rafiki ambaye naye kala uyoga, anamwangalia mwenzake akikakamaa na kudhani ni sehemu ya safari.

Kocha wako hatari hiyo anaijua, ndiyo maana kakwambia uache kwanza. Shimo lenyewe liko hapo. Kanuni yangu ni moja, na nitairudia humu mpaka mods wanifungie: kabla ya kuingiza kitu kipya mwilini uliza kitagombana vipi na kilichomo, na kilichomo usikitoe mwenyewe ili kumpisha mgeni.

Tuanze na huko "kusafisha". Lithiamu ni chumvi. Figo hazina macho ya kuitofautisha vizuri na sodiamu ya chumvi ya mezani, zinazishughulikia karibu kwa njia ileile. Mtu mwenye figo nzima, nusu ya lithiamu iliyomo inatoka kwa muda wa siku moja hadi moja na nusu, kwa hiyo akiacha vidonge, baada ya wiki moja hivi imebaki ya kuhesabika. Hakuna uchafu wa kusugua. Limao halina kazi hapo.

Sasa angalia programu yenyewe ulivyoibandika: wiki ya kwanza unapunguza vidonge nusu, huli chumvi kabisa, unakunywa chai ya mitishamba ya "kutoa maji mabaya", na kila siku unajifukiza mpaka utoke jasho. Mkuu, ukitaka kumpa mtu sumu ya lithiamu kwa vidonge vyake mwenyewe, programu ndiyo hiyo. Chumvi ikipungua mwilini, figo zinaanza kuibania sodiamu isitoke, na zinapoibania hiyo zinaibania na lithiamu. Maji yakipungua kwa jasho na mkojo, hali inakuwa mbaya zaidi. Matokeo yake unakunywa nusu ya vidonge na kiwango kwenye damu badala ya kushuka kinaweza kupanda. Dalili zake zijue: kutetemeka kunatoka kwenye vidole kunakuwa kwa mkono mzima, kutapika, kuharisha, kuyumba kama umelewa, ulimi mzito, kuchanganyikiwa. Kiwango cha lithiamu kwenye damu kikizidi 1.5 mmol/L ni eneo la sumu, kikizidi 2.0 ni dharura. Dalili hizo zikija hunywi kidonge kinachofuata, unakwenda hospitali siku hiyohiyo na kuwaambia kabla ya kitu kingine chochote kwamba unatumia lithiamu, kwa sababu usipowaambia watakutibu malaria au tumbo. Halafu kocha atasema hiyo ndiyo sumu inatoka. Sumu inaingia, baba.

Wiki ya pili ndiyo unaacha kabisa, na huku ndiko kwenye hasara kubwa. Lithiamu ikikatwa kwa chini ya wiki mbili, mania hurudi mapema na kwa wingi kuliko ikipunguzwa pole pole, na hatari ya mtu kujitoa uhai hupanda, hasa ndani ya mwaka wa kwanza. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unataka ipunguzwe hatua kwa hatua kwa wiki 4 kwa uchache, ikiwezekana hadi miezi 3, na mgonjwa aendelee kufuatiliwa hata baada ya kuacha. Wiki mbili za kocha ni nusu ya kile kiwango cha chini. Nusu!

Na ubaya wa mania ni kwamba haiji na sura ya ugonjwa. Inakuja na sura ya mafanikio. Siku ya kumi unalala kwa muda wa saa tatu tu na unaamka huna uchovu. Mawazo yanakuja kwa foleni. Mikono imetulia, maana lithiamu imetoka. Unamwandikia kocha saa tisa usiku ujumbe wenye aya kumi na mbili, anakujibu na emoji ya moto: "umeona, mwili umesafishika!" Hapo ndipo mnakubaliana kwamba uko tayari kwa uyoga. Yaani unachukua kitu kinachoweza kumvuruga hata mtu mwenye akili timamu na kukimwaga juu ya mania iliyokwisha kuanza, kwa ushauri wa mtu ambaye cheti chake ni picha ya wasifu yenye shanga. Wape nduguzo kazi moja tu: usingizi. Usingizi wako ukiwa wa muda usiofika saa nne, siku mbili mfululizo, na hujachoka, wakupeleke kliniki bila kusubiri idhini yako, kwa sababu siku hiyo idhini utaikataa kwa hoja nzuri sana.

PDF ya programu ya huyo kocha ninayo. Niliilipia kama nyie wengine, cheka ukimaliza. Jalada ni machweo, ukurasa wa mwisho ni namba ya kutumia pesa, na katikati neno "figo" halimo, neno "lithiamu" halimo, "muulize daktari wako" imo mara moja kwa maandishi madogo kuliko sisimizi. Ukimbana anakwambia "usikilize mwili wako". Mwili wenye mania ukiusikiliza utakwambia uuze kiwanja ufungue shirika la ndege. Hawa watu wanachukua matokeo ya hospitali za Ulaya na Marekani, wanayavua masharti, wanayauza yakiwa uchi.

Masharti yenyewe ni haya. Jaribio kubwa la silosaibini lililochapishwa 2022 kwenye New England Journal of Medicine lilikuwa na watu 233 wenye sonona iliyokataa dawa. Walipewa dozi moja ya 25, 10 au 1 mg ya silosaibini ya maabara, si gramu za uyoga mkavu ambao nguvu yake hubadilika kila mzigo. Wiki ya tatu alama za sonona zilikuwa zimeshuka kwa 12.0 kwa waliopewa 25 mg na kwa 5.4 kwa waliopewa 1 mg. Ni matokeo mazuri, sibishi. Lakini waliokuwa kwenye dawa za sonona waliachishwa kwa usimamizi kwanza, wakakaa chumbani na watu waliofunzwa saa zote za dozi, na bado mawazo ya kujidhuru yalijitokeza katika makundi yote matatu. Wenye baipola hawakuruhusiwa kabisa kuingia. Jaribio la wenye baipola lipo, lilifanyika Sheppard Pratt kule Marekani: watu 15, wote baipola aina ya pili, ile ambayo haifiki mania kamili. Wewe ulishalazwa kwa mania. Huko ni aina ya kwanza. Usiazime matokeo ya mwenzako.

Portland: ndiyo, Oregon walipiga kura 2020 na vituo vikafunguliwa 2023, kuanzia miaka 21. Ila mlangoni watakuuliza kama umetumia lithiamu ndani ya siku 30 zilizopita, na kama umewahi kupewa utambuzi wa saikosisi (akili kupoteza uhalisia) au kutibiwa. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo, unarudi kwa kaka yako ukale ugali. Na najua unachowaza: "basi niache siku 31." Sheria ile inalinda kituo kisipate mtu anayeanguka kifafa sakafuni kwao. Haisemi popote kwamba ni salama kwako kuacha. Msimamizi anayekaa na wewe pale hafanyi kazi ya udaktari, haruhusiwi hata kukupa utambuzi wa ugonjwa, wala hatakuwepo Dar mwezi unaofuata mania ikibisha hodi.

Halafu kuna jambo la kuudhi zaidi. Chanzo cha haya yote ni mikono kutetemeka, na mikono kutetemeka kwa lithiamu kuna dawa! Kabla hujaanza kumfukuza mwenye nyumba, pima. Kipimo cha lithiamu kinachukuliwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho: ukinywa saa tatu usiku, damu inatolewa saa tatu asubuhi, na kidonge cha asubuhi kama unacho unakinywa baada ya kutolewa damu, si kabla. Watu wengi wanakunywa kwanza, wanapimwa baada ya saa mbili, namba inatoka kubwa, daktari anapunguza dozi bila sababu. Piga simu maabara kabla ya kwenda, si kila maabara ina kipimo hicho. Kwa mtu aliyetulia lengo la kawaida ni 0.6 hadi 0.8 mmol/L. Ikiwa wewe uko 1.0 na unatetemeka, huenda kushusha dozi kidogo tu kukamaliza kesi. Daktari anaweza pia kuhamishia dozi yote usiku, ili kilele chake kikukute umelala. Au kuongeza propranololi kidogo. Mwambie kama una pumu, maana hapo haifai. Kahawa inazidisha kutetemeka, lakini usiikate yote kwa siku moja, kwa kuwa kafeini husaidia kuitoa lithiamu na ukiikata ghafla kiwango hupanda. Punguza kikombe kwa kikombe.

Angalia pia unachomeza pembeni. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa kwa ajili ya mgongo hupandisha lithiamu. Dawa za presha kama bendro, losatani na enalaprili, vilevile. Kwa maumivu ya kawaida tumia paracetamol. Kwenye joto la Dar mwezi wa pili, au ukiharisha, au ukifunga Ramadhani, maji na chumvi ndiyo habari yote: kula chumvi yako ya kawaida, usiikate, usiizidishe, na mpango wa futari na kidonge upangwe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Na ikiwa umepima, mmerekebisha, na bado huitaki lithiamu, ni haki yako. Mwambie daktari "nataka kutoka", kwa maneno hayohayo. Kuna valproeti, lamotrijini, kwetiapini, kila moja na adha zake, na kuna njia ya kushuka pole pole huku nyingine ikipanda. Ukiona daktari anakupuuza tafuta mwingine, hospitali za Muhimbili na Mirembe haziko peke yake.

Mafuta: CBD na THC, vyote vya bangi, ni vitu viwili, THC ndiyo inayolevya, na chupa haikwambii ukweli. Utafiti wa 2017 ulipima bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni Marekani. 31% tu ndizo zilikuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikuwa na THC ndani. THC kwa mtu wa baipola ni kuchokoza mania. Na wakikuhamishia kwenye valproeti, CBD ya dozi kubwa pamoja nayo hupandisha vimeng'enya vya ini, ishara kwamba ini linaumia. Umeona? Kanuni ileile, kilichomo kwanza.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru usiku wa leo, usijibu uzi, mpe mtu mwingine vidonge vyote akae navyo na mwende hospitali. Kama uko shwari, kesho asubuhi nenda maabara ukiwa hujanywa kidonge, wapime lithiamu, kreatinini (ya figo) na TSH (ya tezi ya shingoni). Rudi hapa na namba tatu. PM (ujumbe wa faragha) za kocha usizijibu.