Okidi za Porini: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Msimu, Misitu na Sheria

Mvua zinapokaribia, barua za wasomaji wanaotaka kuona okidi zikiwa zimechanua porini huongezeka. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nataka kuwapeleka wanangu wakaone okidi za porini bila kutoka Nairobi. Twende lini, na wapi? (Mzazi, Kasarani)

Nendeni wiki chache baada ya mvua kushika barabara, si siku zinapoanza. Kwa mvua za masika, muda mzuri ni kati ya Aprili na Juni. Kwa mvua za vuli, jaribuni mwisho wa Novemba. Misitu ya karibu ni Karura, Msitu wa Ngong Road na Oloolua ulioko upande wa Karen.

Waelezeni watoto mapema kwamba hawaendi kuona bustani. Okidi nyingi za nyanda hizi huota juu ya matawi, maua yake ni meupe, na usipoinua macho utapita chini yake bila kujua. Msipoteze muda kwenye sehemu zilizopandwa mikaratusi, kwa sababu mti unaobambuka magome kila mara haumpi mgeni wa juu mahali pa kushika mizizi. Tafuteni miti ya kiasili iliyozeeka, hasa kandokando ya mito, ambayo magome yake yana mikunjo na kuvumwani. Bebeni darubini, hata ile ndogo ya bei nafuu.

Na mkiwa Karura, waambieni pia habari za Januari 1999, wakati Profesa Wangari Maathai na wenzake walipopigwa kwa sababu ya kupinga msitu huo kugawiwa wajenzi. Mti mkongwe ukikatwa, okidi zilizochukua miaka mingi kukua juu yake huanguka nao, na mche mpya hauwezi kuzirudisha upesi.

Mtunza bustani wetu hung'oa okidi zote zilizo kwenye mzeituni wa porini uliopo uani, akisema ni vimelea vinavyonyonya mti. Je, ni kweli? (Msomaji, Lavington)

Si kweli, na tunakuomba umzuie leo hii. Okidi inayoota juu ya mti hukaa juu ya gome tu. Haitoboi mti wala haifyonzi utomvu wake. Chakula chake hujitengenezea yenyewe kwa mwanga wa jua, na maji huyapata kutokana na mvua, umande na ukungu. Ukiitazama mizizi yake wakati wa kiangazi utaiona ni myeupe, kwa kuwa imevikwa tabaka la seli zilizokufa linalofyonza maji kama sifongo. Mvua ikinyesha, tabaka hilo hulowa na rangi ya kijani iliyo ndani huonekana. Huenda mtunza bustani wako anaichanganya na mimea mingine ambayo kweli ni vimelea, ile inayopenyeza mizizi ndani ya tawi hadi tawi linavimba mahali iliposhika. Hiyo ana haki ya kuikata. Mwonyeshe tofauti hiyo kwenye mti wenyewe, kwa maana mtu anayefanya kazi ya mikono juu ya miti kila siku akishaelewa jambo hili atakuwa mlinzi bora kuliko sisi tunaoandika.

Nilisoma kwamba okidi nyeupe za nyanda za juu zina harufu nzuri. Nilizikuta zimechanua saa sita mchana, nikanusa, sikusikia chochote. Je, nilikosea mmea? (Msomaji, Kikuyu)

Yamkini mmea ulikuwa wenyewe, ila saa haikuwa yake. Okidi za jamii ya Aerangis, pamoja na Rangaeris amaniensis, ambayo jina lake limetokana na Amani katika milima ya Usambara, hutoa harufu jioni na usiku, wakati wachavushaji wake wanapoamka. Wachavushaji hao ni nondo wakubwa wenye ulimi mrefu sana. Tazama nyuma ya ua na utaona mrija mwembamba unaoning'inia. Kwa Aerangis brachycarpa mrija huo huzidi sentimita 12, na nekta imo sehemu ya chini kabisa. Mdudu mwenye ulimi mfupi hawezi kuifikia. Nondo mwenye ulimi wa kutosha hulazimika kusogea karibu kabisa na ua, na hapo ndipo chavua humganda, akaibeba hadi ua la pili. Weupe wenyewe una kazi, kwani ndio unaoonekana gizani.

Kwa kuwa wageni hutakiwa kutoka katika hifadhi kabla ya giza, harufu hii huwapata zaidi wale ambao okidi zimeota kwenye miti ya nyumbani kwao. Kama una jirani wa namna hiyo, omba kukaribishwa saa moja usiku.

Kuna kijana anayeuza okidi kando ya barabara, zikiwa na mizizi na vipande vya gome. Anasema zilitoka kwenye mti ulioanguka. Je, ninaweza kununua? (Msomaji, Thika Road)

Usinunue. Kuondoa mmea katika msitu wa umma bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, na jamii nzima ya okidi imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya kuvuka mipaka. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, jibu letu lingekuwa lile lile. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina inayofaa, na baada ya hapo huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Okidi ya chui, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, imeandamwa sana na wakusanyaji na leo imo miongoni mwa mimea iliyo hatarini.

Ukitaka okidi nyumbani, nunua iliyooteshwa kitaluni. Tawi lenye okidi likianguka uani kwako, lifunge kwenye mti ulio hai palipo na mwanga ule ule. Likianguka hifadhini, mwarifu mlinzi wa msitu na uliache hapo.

Je, kupiga picha kwa simu kunadhuru maua? (Mwanafunzi, Kahawa)

Hapana. Kinachodhuru ni nyayo za mpigaji picha. Zima pia huduma ya mahali katika kamera kabla ya kutuma picha mtandaoni, kwa sababu wezi wa okidi husoma ramani kama wewe.

Chama chetu cha wapenda mimea kinafikiria safari ya Kitulo, Tanzania. Je, inafaa gharama? (Katibu wa chama, Nairobi)

Inafaa sana. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake hasa, jambo lisilo la kawaida katika bara ambalo hifadhi nyingi zilianzishwa kwa ajili ya wanyama. Ina kilomita za mraba zipatazo 413, na uwanda wake uko katika kimo cha mita 2,600 hivi. Tofauti na hapa kwetu, huko mtatazama chini, kwa kuwa okidi zake nyingi huota ardhini katikati ya nyasi, na aina zinazotajwa ni 45. Viazi vya okidi hizo vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, kwa hiyo mkimwona mtu na jembe uwandani, msimfuate wenyewe bali mwambieni askari wa hifadhi.

Maua huwa mengi kati ya Desemba na Aprili, ambao ndio msimu wa mvua. Mnaweza kuruka hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, kisha kuendelea kwa gari. Njia ya Chimala kwenda Matamba huitwa Hamsini na Saba kutokana na kona zake, na huteleza mvua ikinyesha. Kodisheni gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na muulize hali ya barabara mkiwa bado Chimala.