Muulize Shangazi: Rekodi za mtoto na hela za chuo, nani anampa nani?

Safari hii barua zimekuja nyingi kutoka kwenu mlioko Marekani, na karibu zote zinalia kitu kimoja, shule inaomba makaratasi ya mtoto, chuo kinaomba, mfuko wa ufadhili unaomba, na kila ukienda unaambiwa karatasi iko kwa mwenzake. Nimechukua tano. Mbili za kwanza nimezijibu kwa kirefu maana ndo zinazoumiza wengi.

Shikamoo shangazi. Kijana wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, ana miaka 18. Juzi kaletewa imeili kwamba hela yake ya msaada imesimama kuna kitu kinakosekana, yeye mwenyewe haelewi. Nimepiga simu ofisi ya misaada nimekaa kwenye laini karibu saa nzima, nimewapa jina, namba yake ya mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu, dada aliyepokea akaniambia hawezi kuniambia chochote bila ruhusa ya mtoto. Mimi ndo nalipa! Kodi zangu ndo ziko kwenye fomu! Hii ni haki kweli?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umembeba mtoto, umebeba na bili, halafu sauti ya kwenye simu inakwambia mambo yake hayakuhusu, lazima iume.

Lakini yule dada hakukuonea. Kuna sheria inaitwa FERPA, ya tangu 1974, inalinda rekodi za mwanafunzi kwenye shule na vyuo vinavyopokea hela za wizara ya elimu ya Marekani. Mtoto akiwa bado sekondari na hajafika 18, haki za rekodi zake ziko kwa mzazi, wewe ndo unaomba kuziona na wewe ndo unasaini ziende kwa nani. Siku anapotimiza 18, au siku anapoanza chuo hata kama ana 16, zile haki zinahama zinakuwa zake. Kulipa ada hakuzirudishi kwako, hata ulipe yote.

Ila kuna mlango ambao wazazi wengi hawaambiwi. Kama kwenye kodi umemwandika kijana kuwa ni tegemezi wako, sheria inakiruhusu chuo kikwambie hata bila saini yake. Inakiruhusu tu, haikilazimishi, ndo maana chuo kimoja kitakuomba nakala ya ritani yako ya kodi, ile fomu unayopeleka kila mwaka, yenye jina lake na kingine hakitaki kusikia habari hizo, kinataka saini ya mtoto basi. Kwa hiyo mimi nisingepoteza nguvu kugombana na dada wa simu. Kaa na kijana jioni moja, afungue akaunti yake ya chuo, vyuo vingi vina sehemu ya mwanafunzi kumruhusu mtu mwingine aone taarifa zake, aweke jina lako upande wa msaada na malipo. Maksi mwachie mwenyewe kama hataki, ukimwonyesha unaheshimu hilo atakuwa mwepesi kukwambia mengine. Na mkiwa hapo hapo kwenye akaunti angalieni orodha ya vinavyodaiwa, mara nyingi unakuta kijana kachaguliwa kuhakikiwa, wanataka karatasi ya kuonyesha mko wangapi nyumbani au kitambulisho, kitu cha siku moja tu, na hela imesimama kwa hicho.

Shangazi, binti yangu ana 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Kuna mfuko umempa matumaini ya ufadhili, wametuma fomu nisaini shule iwape "rekodi zote za mwanafunzi". Kuna mistari wameiacha wazi wanasema wataijaza wenyewe. Nisaini? Tunaogopa kuuliza sana wasije wakamkata.

Usisaini hivyo hivyo mama, naomba sana.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa anatafuta hela ya chuo nilisaini fomu kama hiyo ya shirika moja, karatasi moja tu, nimesimama jikoni, sehemu ya rekodi zipi mtu alishaandika "zote" kwa kalamu ya bluu, sehemu ya sababu ilikuwa tupu, nikaona ni kawaida tu ya makaratasi. Siku ya usaili mmoja wa wale wazee wa kamati akamuuliza kuhusu ugomvi wa darasa la tisa, halafu akamuuliza kuhusu vikao vyake na mshauri wa shule mwaka aliofiwa na baba yake. Yaani faili lote lilikuwa mezani. Alirudi nyumbani hakula. Ufadhili wenyewe hakupata, na mimi mpaka leo nikishika kalamu kusaini kitu cha mtoto mkono unasita.

Sasa sikiliza sheria inavyotaka. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi, iseme rekodi zipi, kwa sababu gani, zinaenda kwa nani, halafu saini na tarehe. Fomu yenye mistari mitupu imekosa hayo. Na kuna kitu kingine cha kukupa moyo: mtoto akishaomba msaada wa masomo, FERPA inairuhusu shule kutoa hata bila saini taarifa zinazohitajika kuamua kama anastahili, apewe kiasi gani na kwa masharti gani. Zinazohitajika kwa hilo tu. Kesi ya darasa la tisa haipangi kiasi cha ufadhili, wala kilio cha mtoto aliyefiwa.

Kwa hiyo ijaze wewe. Andika "transkripti na barua kuwa ni mwanafunzi wa shule hii" (transkripti ni ile karatasi ya masomo na maksi zake), andika "kuamua ufadhili alioomba", andika jina kamili la mfuko, mistari inayobaki ipige mstari wa kalamu, weka tarehe, piga picha kwa simu kabla haijatoka mkononi mwako. Mfuko wa maana hautamkata mtoto kwa fomu iliyojazwa vizuri. Wakishazipokea hawana ruhusa ya kuzipitisha kwa mtu mwingine bila kurudi kwenu.

Na wakianza kudai majibu ya FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, ujue hiyo ina ulinzi wake tofauti na mkali zaidi. Ofisi ya misaada ya chuo haiwezi kuuambia mfuko wa nje yaliyomo mle mpaka mwanafunzi mwenyewe akubali waziwazi kwa maandishi. Kwa hiyo saini yako kwenye karatasi ya shule haifungui FAFSA.

Mimi ni mwanafunzi. Kaunsela kaniita kaniambia FAFSA yangu haijakamilika. Kajuaje? Ina maana anaona na mshahara wa wazazi?

Haoni mshahara, tulia. Majimbo yana taasisi zao za misaada, na hizo zinaruhusiwa kuipa shule hali ya fomu tu, kwamba umetuma au hujatuma, lini, imekamilika au haijakamilika, umechaguliwa kuhakikiwa au la. Lengo ni huyo kaunsela akukumbushe mapema. Nenda ukamsikilize, kakufanyia wema.

Shangazi, mume wangu hataki kukubali data zake za kodi ziingie kwenye FAFSA, anasema mtoto ataona mshahara wake wote. Nimwambieje?

Mwambie zile namba za kodi zinatoka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, moja kwa moja zinaingia kwenye fomu, na mtoto hazioni, kila mmoja ana akaunti yake na pasiwedi yake. Halafu mwambie upande wa pili, kwamba asipokubali ile hesabu ya SAI, namba inayotumika kupima mtoto anastahili msaada kiasi gani, haifanyiki, na ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, mtoto haipati, na mwaka wa masomo 2024–25 Pell ya juu kabisa ilikuwa dola 7,395 ambazo hazirudishwi kama mkopo. Kukubali kunatakiwa hata kwa mzazi ambaye hakupeleka ritani kabisa, hata asiye na kipato.

Shikamoo shangazi, sisi tulikuja kama wakimbizi kutoka Kongo. Shuleni mtoto kaandikwa amezaliwa tarehe 1 Januari, majina yamegeuzwa, karatasi nyingine zina tarehe tofauti. Itatuletea shida?

Marahaba. Inaweza, na mmefanya vizuri kuuliza mapema. Wengi waliopita kambini wanayo hiyo Januari mosi. FAFSA inalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security na rekodi za ofisi ya serikali inayotoa namba hiyo, zisipoendana inakwama. Hata zile taarifa za hali ya fomu anazopata kaunsela, nilizozisema hapo juu, mtoto anatafutwa kwa jina na tarehe, kwa hiyo wako anaweza kuonekana hajaomba kumbe kaomba zamani.

Tandaza meza nzima, kadi ya Social Security, karatasi za uhamiaji, transkripti, uone jina lipi liko mbele wapi. FAFSA ijazeni kama ilivyo Social Security. Kama Social Security ndo ina kosa, anzieni huko. Kama kosa liko shuleni, andika barua ya kuomba kuona rekodi, shule ina siku 45 zisizozidi za kukuonyesha, halafu omba kwa maandishi warekebishe. Wakikataa una haki ya kuomba usikilizwe rasmi, na ukishindwa hapo unaruhusiwa kuweka maelezo yako ndani ya faili yakae pamoja na hiyo rekodi. Kama mtoto ameshafika 18, barua aisaini yeye, wewe mkae pamoja wakati anaiandika.