Maswali na majibu: Barafu ya ziwa, simu ya ufukweni na mti wa kupimia maji

Wiki hii maswali mengi yametokana na picha moja inayozunguka simuni: Ziwa Baikal la Urusi limeganda, na chini imeandikwa kwamba setilaiti imeona maji yameshuka.

Setilaiti inapimaje maji yaliyofunikwa na barafu? Kwani inaona chini yake? (Wete)

Haioni, inapima muda. Hurusha wimbi la rada, likagonga kitu, likarudi. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa 1992 na Marekani pamoja na Ufaransa, ilipita kilomita 1,336 juu yetu, na wimbi lake likenda na kurudi kwa takriban sehemu 9 za elfu moja za sekunde. Muda huo ndio unaogeuzwa kuwa umbali.

Juu ya maji matupu hesabu hiyo haina tabu. Juu ya barafu, wimbi hupenya theluji kavu. Sehemu yake hurudi kutoka mgongoni mwa barafu, nyengine huzama mpaka tumboni ndipo irudi. Na ndani ya barafu wimbi huenda polepole, karibu mara 1.8 kuliko hewani. Likichelewa, kompyuta hudhani limetoka mbali zaidi, na ziwa huonekana limeshuka makumi ya sentimita hali ya kuwa maji yapo pale pale. Toboa tundu kwenye barafu ya mita moja: maji yatapanda yasimame chini kidogo tu ya ukingo. Pale ndipo usawa wa kweli wa ziwa, si mgongo wa barafu wala tumbo lake. Wataalamu hutazama nguvu na umbo la mwangwi ili wajue barafu imeanza lini, kisha husahihisha. Aliyesambaza ile picha hakusahihisha kitu. Msiisambaze.

Barafu ya ziwa ikiyeyuka, maji yatapanda? (Makunduchi)

Hapana. Inaelea. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Tia barafu kwenye bilauri ya maji, weka alama, subiri.

Sisi Wazanzibari barafu yatuhusu nini? (Mkoani)

Rada ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyoonesha Ziwa Victoria likipanda baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na ndiyo inayofuatilia usawa wa bahari. Asiyeuliza wimbi limegonga nini kule Baikal hatauliza hapa.

Nikiwa ufukweni simu yaniambia nipo zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Tunazama? (Nungwi)

Huzami, mwanangu. Baadhi ya programu huhesabu urefu kutoka umbo la dunia la kimahesabu, lililolainishwa, na usawa halisi wa bahari kwetu uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Kila namba ya urefu iulizwe imeanzia wapi. Wapo wanaonunua viwanja kwa namba za simu, na hiyo ni khatari.

Kwa kuwa setilaiti zipo, ule mti wa kupimia maji gatini una kazi gani tena? (Chake Chake)

Swali hili limeniuma. Mwaka jana nilifika gati moja nikakuta mti wenyewe umefungwa kamba za ngalawa, alama za sentimita zimeliwa na chaza, na mlinzi hajui ni wa nini.

Setilaiti za aina ya Jason, zilizoirithi TOPEX/Poseidon, hurudi njia ile ile kila baada ya siku 10 hivi. Hata setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na yenye kuona upana mkubwa, mzunguko wake ni siku 21. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu tofauti hufika karibu mita 4. Isitoshe, doa la rada ya kawaida lina upana wa kilomita kadhaa, kwa hiyo karibu na pwani mwangwi wa nchi kavu huchanganyika na wa maji. Setilaiti zenyewe husahihishwa kwa vipimo vya gatini.

Kwa hiyo usingolewe. Bamvu lijalo nenda na mswaki mgumu maji yakiwa yamekupwa, uukwangue chaza mpaka alama zionekane, kisha urudi yakijaa pomoni. Andika tarehe, saa na sentimita.