Ukitaka Kuandika Habari za Bunge, Anza na Muswada

Vijana wanaoanza kuripoti siasa huniuliza jinsi ya kuzoeana na wabunge, nani wa kumpigia simu, na namna ya kupata nafasi ya kwenda Dodoma wakati wa Bunge la bajeti. Nami huwauliza kama wamewahi kusoma muswada mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wengi hawajasoma, na mimi pia sikuwa nimesoma nilipofika Dodoma mara ya kwanza.

Katika mkutano wangu wa kwanza, wabunge wawili walirushiana maneno makali katikati ya mjadala, nikatoka ukumbini kuwafuata ili kila mmoja anipe kauli yake. Nilipokuwa nje, Bunge lilikaa kama Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiupitia muswada kifungu kwa kifungu, vifungu vikahojiwa kimoja baada ya kingine, na kimojawapo kikapita pamoja na marekebisho yaliyopandisha ada ya leseni kwa wafanyabiashara wadogo. Habari yangu ya ugomvi ilitoka ukurasa wa mbele. Miezi michache baadaye, mama mmoja mwenye duka aliniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko lawama, kama siku ile nilikuwepo bungeni. Nilikuwepo Dodoma, lakini wakati sheria inayomhusu yeye ilipokuwa ikitungwa nilikuwa nimesimama kwenye varanda na kinasa sauti mkononi.

Tangu hapo sitoki ukumbini Katibu anapoanza kutaja vifungu. Hiyo ndiyo saa inayowachosha waandishi wengi, kwa sababu hakuna hotuba wala vijembe. Husikika tu namba za vifungu na maneno "pamoja na marekebisho yake". Ndani ya maneno hayo manne ndimo sheria inapogeuka. Ombeni mapema jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko yanayopendekezwa kwenye muswada, la Serikali na la mbunge yeyote aliyewasilisha lake, myaweke kando ya muswada, na mpige mstari kila neno lililoongezwa au kufutwa. Mwandishi asiye na jedwali mkononi hawezi kujua kilichopitishwa, hata akiwa amekaa mstari wa mbele.

Kwa miaka mingi kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hatukukizungumzia vya kutosha, nacho ni lugha. Wabunge walijadili kwa Kiswahili muswada ulioandikwa kwa Kiingereza, na sehemu ambayo waandishi wengi tuliisoma kwa utulivu ni kurasa chache za "Madhumuni na Sababu" mwishoni, ambazo zilichapishwa kwa Kiswahili pia. Lakini madhumuni ni maelezo ya Serikali kuhusu nia yake. Hayamfungi mtu yeyote mahakamani. Kinachofunga ni kifungu. Mwezi Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na ninaamini hayo ni miongoni mwa mabadiliko makubwa kabisa niliyowahi kuyaripoti, ingawa sheria nyingi za zamani zilikuwa bado kwa Kiingereza na mwandishi alihitaji kuzisoma zote mbili, ile mpya na ile inayorekebishwa.

Muwe waangalifu zaidi na Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Jina lake limepoa, lakini muswada mmoja wa aina hiyo unaweza kugusa mambo yasiyohusiana kabisa. Ule uliopitishwa Juni 2019 kwa hati ya dharura, yaani kwa utaratibu wa kuharakisha muswada, ulirekebisha sheria nane kwa pamoja, zikiwemo za kampuni, za mashirika yasiyo ya kiserikali, za filamu na za takwimu. Hati ya dharura inapotolewa, siku za wadau kutoa maoni mbele ya kamati huwa chache mno, kwa hiyo mwandishi anayesubiri mjadala wa ukumbini amekwisha kuchelewa. Nendeni kwenye kamati. Wakulima, mawakili na wamiliki wa biashara wanaofika pale hueleza kifungu kitawagusaje, kwa lugha nyepesi kuliko ya waziri yeyote.

Wala msidhani kwamba habari huisha muswada unaposomwa mara ya tatu. Fikirieni tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021. Katika Sheria ya Fedha, Bunge liliweka ukomo wa shilingi 10,000 kwa muamala, na viwango vyenyewe vikaachwa viwekwe na Waziri kwa kanuni. Wananchi waliumizwa na viwango hivyo kuanzia Julai, na malalamiko yalipozidi, Serikali ilivipunguza kwa asilimia 30 kwa kubadilisha kanuni, bila muswada kurudi bungeni. Kila mnapokutana na maneno "Waziri anaweza kutunga kanuni", yaandikeni katika daftari la peke yake, kisha mfuatilie Gazeti la Serikali, ambamo kanuni hutangazwa, wiki kwa wiki.

Kuhusu wabunge wenyewe nitasema kwa ufupi. Waheshimuni, wasalimuni, lakini msipokee bahasha, hata ikiitwa nauli. Watu watakaowasaidia zaidi ni makatibu wa kamati na wale wabunge wasiovuma ambao husoma kila ukurasa. Mbunge wa aina hiyo akikwambia kifungu fulani kina tatizo, acha chakula ukakisome.

Daftari langu lina safu nne: muswada ulivyosomwa mara ya kwanza, ulivyobadilishwa, tarehe Rais alipoukubali, na kanuni zilizofuata. Safu ya tatu ina uzito wake, kwa kuwa chini ya Ibara ya 97 ya Katiba muswada hauwi sheria bila kibali cha Rais, naye anaweza kuurudisha pamoja na sababu zake. Safu ya nne ndiyo yenye nafasi nyingi zilizo wazi, na kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kumpigia mhariri, huanza kazi yangu hapo.