Banda la kuku ni la usiku

Wewe unayetaka kujenga banda lako la kwanza, kabla hujanunua hata msumari, toka nje baada ya sala ya isha ukasimame pale unapodhani utalijenga. Sikiliza upepo unatoka upande gani. Tazama vichaka viko umbali gani. Ikiwa ni masika, ngoja mvua inyeshe uone maji yanapita wapi. Kuku wetu wa kienyeji mchana kutwa wako nje, wanachakura chini ya migomba na jaani. Bandani wanaingia magharibi, wanatoka alfajiri. Banda ni la usiku, na mimi la kwanza nililijenga kwa macho ya mchana.

Lilikuwa uani kwetu, huku Dole, Unguja, nyuma ya jiko. Viambaza vya udongo pande zote nne, mlango mmoja mdogo, bati nimelishusha chini. Nia yangu ilikuwa njema: wasipate baridi. Mvua za Aprili zilipoanza, nikifungua asubuhi harufu inanichoma macho. Baada ya wiki mbili kuku wakaanza kukoroma wakilala, pua zinatoka makamasi, na mmoja jicho likafumba kabisa. Afisa mifugo alipokuja hakuwagusa kuku kwanza, aliingiza kichwa bandani akakitoa upesi. Akanambia, "Hawa hawana baridi, hawana hewa." Kinyesi kilicholowa hutoa amonia, na kuku amelala juu yake saa kumi na mbili nzima akiivuta. Njia zake za pumzi zinaungua, kisha maradhi yanapata pa kuingilia. Kuku ana manyoya, baridi ya Unguja haimsumbui. Kinachomuumiza ni unyevu na hewa iliyokwama.

Kwa hiyo viambaza vizima visizidi futi mbili kutoka sakafuni, juu yake iwe waya mpaka karibu na paa. Lilaze banda urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi. Hapo jua la asubuhi na la alasiri linapiga pande fupi tu, na pande ndefu zinatazama kaskazi na kusi, pepo zetu mbili, kwa hiyo hewa inapita mwaka mzima. Lakini upande wa kusi uupe ulinzi zaidi, maana mvua ya masika mara nyingi huja imelala na upepo huo. Tokeza paa futi mbili au tatu nje ya kiambaza, na uwe na pazia la gunia au jamvi kuukuu la kuteremsha usiku wa mvua kubwa. Asubuhi likunje. Wengi huliacha limeshuka miezi mitatu, wakarudi kule kule nilikotoka mimi.

Ukubwa usikusumbue sana. Banda la futi nane kwa sita linawatosha kuku kumi na tano wa kienyeji kulala kwa raha. Kila kuku mkubwa anataka inchi nane hivi za fito ya kulalia, kwa hiyo fito mbili za futi sita zinawatosha. Ziwe za mviringo, nene kiasi cha kushikika na ukucha, na ziwe juu kuliko viota. Kuku hupenda kulala pa juu kabisa. Kiota kikiwa juu ya fito watalala ndani yake na mayai yatachafuka. Kiota chenyewe ni kisanduku cha futi moja kila upande, kimoja kwa tembe wanne au watano, pembeni penye kiza.

Chini ndipo pana kazi. Sisi wa mashamba yenye udongo wa kinamo, ule mzito wa mfinyanzi, tunasumbuliwa na maji, hivyo aidha unyanyue banda kwa miguu, au ujaze kifusi na kupiga sakafu ya saruji nyembamba iliyoinuka. Mwenzangu wa Jambiani au Makunduchi, kwenye maweni, kuchimba shimo la nguzo kwako ni adhabu, lakini maji hayatuami na hakuna mnyama atakayekuchimbia njia ya chini. Ukijenga kwa miguu, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya siafu. Siafu wakiingia usiku kwa kuku anayeatamia, asubuhi unakuta manyoya na maganda. Usitie maji kwenye makopo hayo. Maji yanazaa mbu, na mbu ndio wanaoeneza ndui ya kuku.

Sasa nikwambie la waya, kwa sababu hili liliniliza. Baada ya kubomoa viambaza niliweka waya wa kuku wa kawaida, ule wa matundu ya pembe sita. Niliona nimemaliza. Usiku mmoja wa kiza ngawa alikuja, hakuvunja kitu. Aliingiza mkono tundu kwa tundu kule chini, akawavuta vifaranga waliolala wamejibanza kwenye waya. Kumi na mmoja walikwenda, na mama yao alibaki anazunguka mahali pale mpaka jioni ya pili. Waya ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Wa kumzuia ngawa na cheche, mnyama wa jamii ya nguchiro, ni waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, na unatosha kuuweka futi mbili za chini za sehemu ya waya na kuzunguka mlango. Pesa yote unayotaka kuitumia kwa rangi na urembo, iweke hapa. Pale waya unapofika chini pasipo kiambaza, ncha yake uikunje nje, uifukie ardhini futi moja. Kama uko karibu na bahari, ukague kila baada ya masika kwa kuusukuma kwa kidole gumba, chumvi inaula upesi.

Mbao za mnazi ni za bei nafuu na ni nzuri, ukijua kuchagua. Chukua za upande wa nje wa gogo, zile nyeusi na nzito. Za katikati ni laini kama sponji na mvua moja tu zinaanza kuoza. Boriti za mikoko hazina mfano kwa kustahimili mchwa, ila ukataji wake unataka kibali, na mikoko ndiyo inayoshika fukwe zetu, kwa hiyo mimi nimetumia nguzo nilizozipaka mafuta machafu. Paa nimeezeka bati na juu yake tabaka jembamba la makuti. Bati linazuia maji, makuti yanavunja joto la kaskazi.

Sakafuni mwaga maranda au pumba za mpunga kiasi cha inchi tatu, palipolowa patolewe siku hiyo hiyo. Ukibadilisha, rundika uchafu wake miezi miwili kabla ya kuupeleka kwenye mchicha, ukiwa mbichi unaunguza mizizi. Na mara moja kwa wiki nenda usiku na tochi, tazama fito kwa chini na kwenye nyufa. Utitiri mwekundu mchana hujificha humo, usiku ndio hupanda kunyonya damu. Mchana utaapa hakuna kitu. Nyufa ziba kwa chokaa.

Usiku pia ndio wakati wa chanjo ya kideri, yaani maradhi ya Newcastle. Tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kila miezi mitatu, kwa wazima wote, kwani aliyekwisha kuugua haimsaidii. Kuwakimbiza kuku mchana uani ni kujichosha. Wakiwa kwenye fito gizani unawachukua mmoja mmoja kwa upole.

Banda likiisha, wafungie ndani siku tatu au nne, wape maji na chakula humo humo, ndipo wapajue kwao. Siku ya kuwafungulia, watoe alasiri, si asubuhi, na kabla ya magharibi mwaga chakula kidogo mlangoni. Wenye vifaranga wabaki kwenye kizimba wiki nne, kwa sababu ya kunguru na mwewe. Jioni wahesabu wakishapanda kwenye fito. Akikosekana tembe mmoja, mtafute kabla giza halijaingia, anzia chini ya migomba na nyuma ya kuni. Mara nyingi utamkuta amekalia mayai ambayo hukujua kama ameanza kutaga.