Mjomba amenyimwa Arlington: je, amedharauliwa?

SWALI: Mjomba wetu anaishi Marekani, na ujanani alilitumikia jeshi la nchi hiyo kwa miaka minne, akaachishwa kwa heshima bila nishani yoyote kubwa. Sasa umri umekwenda, na ameambiwa kwamba hawezi kuzikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington. Jambo hilo limemuuma sana, kwani anaona utumishi wake umehesabiwa kuwa si kitu. Je, aliyoambiwa ni kweli? Na akizikwa kwingine, gharama atabeba nani?

JIBU: Ndugu msomaji, mfikishie mjomba salamu zetu, umweleze kwamba aliyoambiwa ni kweli, ila hayakukamilika. Arlington ilianza kupokea maiti za askari mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na leo wamezikwa pale watu zaidi ya 400,000. Ardhi inakwisha. Kwa sababu hiyo kaburi la ardhini hutolewa hasa kwa waliofia kazini, waliostaafu baada ya utumishi mrefu, waliowahi kuwa mateka wa vita, na wenye nishani kama Silver Star au Purple Heart. Aliyeachishwa kwa heshima kama mjomba anaweza kukubaliwa majivu yake yawekwe katika kuta maalumu zilizojengwa papo hapo Arlington, lakini kama yeye anataka kulazwa udongoni, jibu hilo halimfai, nasi hatumlaumu.

Lililoachwa bila kusemwa ni kwamba yapo makaburi mengine ya kitaifa zaidi ya 150, yanayosimamiwa na idara ya serikali inayoshughulikia askari wa zamani, na huko miaka minne ya utumishi wa heshima inatosha kabisa. Kaburi, uchimbaji, ufukiaji, jiwe lenye jina na matunzo ya daima hutolewa bure, na mkewe ana haki ya kuzikwa pamoja naye hata kama ndiye atakayetangulia. Familia italipia jeneza na huduma za wanaoandaa maiti.

Kuhusu heshima yenyewe, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000 inaipa kila familia ya askari wa aina ya mjomba haki ya kuomba angalau wanajeshi wawili wenye sare, mmoja wao akitoka katika kikosi alichokitumikia marehemu, iwe jeshi la nchi kavu, la majini au la anga. Bendera iliyolifunika jeneza haiingii kaburini: wanajeshi hao huikunja polepole, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka inakuwa pembetatu ya buluu yenye nyota tupu, kisha mmoja hupiga goti mbele ya mjane na kumkabidhi mikononi. Hupigwa pia wimbo wa tarumbeta wenye noti 24, ingawa siku hizi mara nyingi ni wa kurekodiwa, kwa kuwa wapigaji ni wachache. (Sisi tungependelea mpigaji aliye hai, na familia inaruhusiwa kumtafuta.) Hata huko Arlington, Jenerali John Pershing, aliyeongoza majeshi ya Marekani barani Ulaya katika Vita vya Kwanza vya Dunia, amelala chini ya jiwe jeupe la serikali lisilotofautiana na la askari asiye na cheo.

Shughuli kubwa iliyobaki ni ya karatasi. Mjomba aitafute fomu iitwayo DD 214, aliyopewa siku alipoacha jeshi, kwa maana familia nyingi huanza kuisaka wakati msiba umekwisha kuingia nyumbani. Akiwa nayo, anaweza kuiomba idara hiyo, angali hai, imthibitishie haki yake kwa maandishi. Uthibitisho huo haumtengei kaburi mahususi, lakini siku ikifika wanawe watapiga simu moja tu kupanga mazishi. Kwa hiyo aiweke barua hiyo pamoja na fomu mahali ambapo mkewe anapajua.