Jibu: Watu wa namna gani wa kuanzisha nao kikundi cha mwani?
Waalaykum salaam dada. Umeuliza uangalie sifa gani kwa wenzio mnaotaka kulima nao mwani huko Pemba. Mimi naanza na kuchunga wakati. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, halimngoji mtu: maji yakishatoka mna saa chache tu za kupigilia vigingi na kufunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwenye kamba, na mmoja akichelewa, wenziwe ndio wanaobeba kazi yake.

Halafu uwazi wa pesa. Siku ya kupima, kilo zisomwe mbele ya wote na ziandikwe hapo hapo. Hapa Paje, Unguja, ambako mwani unalimwa tangu 1989, nimeona marafiki wa utotoni wakinuniana kwa kilo tatu, na iliniuma sana.

Bidii wengi wanayo. Ukimpata anayeweza kusema "nimekosea, niwieni radhi", mpeni hata uenyekiti.